Faili la Zoni na Majina ya Ndani: Nani Ana Mamlaka ya Kutoa Jina Mtandaoni

Faili la zoni ni maandishi ya kawaida yanayofunguka kwa programu yoyote ya kuhariri, na ndani yake ndimo kikoa kizima cha taasisi kinamoelezwa: tovuti iko kwenye anwani ipi, barua pepe zipokelewe na seva gani, na ni seva zipi zenye haki ya kujibu kwa niaba ya jina hilo. Kompyuta hutafutana kwa namba. Mfumo wa majina ya vikoa, ujulikanao kwa kifupi DNS, ndio unaogeuza jina kuwa namba. Muundo wa faili hilo uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1983 na kukamilishwa 1987, na aliyejifunza kuliandika wakati huo angelisoma la leo bila taabu kubwa. Mabishano ya miaka iliyofuata hayakuhusu sana muundo. Yalihusu mamlaka: nani anaruhusiwa kutoa jina, na nini hutokea ofisi inapojipa jina yenyewe bila kumuuliza yeyote.

Mtandao wa ARPANET, uliogharamiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ulianza mwaka 1969 ukiwa na vituo vinne. Kwa uchache huo kila kituo kiliweka orodha yake ya majina na namba, na haikuchukua muda orodha hizo zikaanza kupishana: kompyuta ile ile ilikuwa na jina hili huku na jina lile kule. Desemba 1973, L. Peter Deutsch alisambaza waraka wa RFC namba 606 (RFC ndizo nyaraka ambazo kwazo wahandisi wa mtandao hujadiliana na kuwekeana kanuni) akitaka kuwe na orodha moja rasmi inayosomeka na mashine. Jibu lilikuja mwezi uliofuata. Kituo cha Taarifa za Mtandao, kilichokuwa katika taasisi ya utafiti ya Stanford Research Institute mjini Menlo Park, California, chini ya uongozi wa Elizabeth Feinler, kilikubali kuitunza orodha hiyo. Faili lake likaja kuitwa HOSTS.TXT.

Utaratibu ulikuwa rahisi, na kwa miaka kama kumi ulitosha. Msimamizi aliyeongeza kompyuta aliwaarifu wafanyakazi wa kituo, wao wakaingiza mabadiliko na kutoa toleo jipya mara moja au mbili kwa wiki, kisha vituo vyote vikalivuta faili zima upya. Ila jina lilikuwa la ngazi moja tu. Akitokea mtu ameshalichukua jina fulani, hakuna mwingine duniani aliyeweza kulitumia, na aliyeamua ni ofisi moja ya California. Agosti 1981 orodha ilikuwa na kompyuta 213. Agosti 1983 zikafika 562. Kila kompyuta mpya ilirefusha faili na wakati huo huo ikaongeza idadi ya wanaolivuta, kwa hiyo mzigo ulikua kwa mraba wa idadi ya kompyuta. Lilipomaliza kusambaa, faili lilikuwa tayari limepitwa na wakati.

Jon Postel wa taasisi ya Information Sciences Institute, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Southern California, alikuwa na mapendekezo kadhaa mezani na akamkabidhi mwenzake Paul Mockapetris kazi ya kuyapatanisha. Mockapetris aliyaweka kando akabuni mfumo wake mwenyewe. Novemba 1983 zilitoka RFC 882 na 883. Wazo lake kuu lilikuwa kugawa mamlaka. Majina yalipangwa kama mti wenye mzizi mmoja. Kila tawi lingeweza kukabidhiwa mwenye nalo, naye akawa huru kulikata vitawi na kuvikabidhi kwa wengine. Kipande cha mti kilicho chini ya msimamizi mmoja ndicho kilichoitwa zoni. Aliye juu ya zoni hahitaji kujua kompyuta zilizomo. Anaandika tu ni seva zipi za kuulizwa, basi.

Oktoba 1984, katika RFC 920, Postel na Joyce Reynolds walitaja matawi ya kwanza: com, edu, gov, mil na org, pamoja na arpa lililokuwa la muda, na matawi ya nchi yenye herufi mbili kutoka orodha ya kimataifa ya ISO 3166. Uamuzi wa kuazima orodha ya ISO ulikuwa wa busara, kwani uliwaondolea wahandisi kazi ya kuamua ipi ni nchi na ipi si nchi. Tarehe 15 Machi 1985, kampuni ya kompyuta ya Symbolics ilisajili symbolics.com, jina la kwanza chini ya com.

Mockapetris aliandika seva ya kwanza ya mfumo huo kwa ajili ya mashine za TOPS-20, akaiita Jeeves. Programu iliyousambaza DNS duniani, hata hivyo, ilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako wanafunzi wanne, Douglas Terry, Mark Painter, David Riggle na Songnian Zhou, waliandika BIND mnamo 1984 kwa ajili ya Unix. Baadaye Kevin Dunlap na kisha Paul Vixie, wote wakiwa wafanyakazi wa kampuni ya Digital Equipment, waliiendeleza. BIND iligawiwa bure pamoja na Unix ya Berkeley, na kwa sababu hiyo mtindo wake wa kuandika mafaili ukawa ndio mtindo wa karibu kila mtu.

Mtindo huo unafaa kutazamwa kwa karibu. Faili huanza na rekodi ya SOA, inayotangaza mwanzo wa mamlaka. Hiyo hutaja seva kuu ya zoni, kisha barua pepe ya msimamizi, lakini bila alama ya @: hostmaster@example.com huandikwa hostmaster.example.com (na nukta mwishoni), kwa kuwa ndani ya faili @ ina kazi nyingine, yaani kuwakilisha jina la zoni yenyewe. Msimamizi ambaye anwani yake ina nukta kabla ya @ hulazimika kuitanguliza nukta hiyo kwa mkwaju wa nyuma, jambo ambalo wengi hawakulijua, na barua za malalamiko zikawa haziwafikii. Halafu hufuata namba tano, kwa kawaida zikiwa zimefungwa ndani ya mabano na kuwekewa maelezo baada ya nukta-mkato: namba ya toleo, muda wa seva za pili, zinazotunza nakala ya zoni, kuja kuuliza kama kuna jipya, muda wa kujaribu tena zikishindwa, muda wa kuacha kabisa kujibu zikiwa zimepotezana na seva kuu, na muda wa chini wa kuhifadhi majibu.

Baada ya SOA huja rekodi za NS zinazotaja seva za zoni, MX za barua pepe, A za anwani, na CNAME za majina ya kupanga. Mstari kama «www IN A 192.0.2.10» unasema kwamba www ndani ya kikoa hiki ipo kwenye anwani hiyo. Mstari ukianza na nafasi tupu, jina la mstari uliotangulia ndilo linaloendelea kutumika. Nafasi moja iliyofutwa kwa bahati mbaya inatosha kubadili maana ya mstari mzima.

Nukta ndiyo iliyowatesa watu zaidi. Jina lisiloishia na nukta huhesabiwa kuwa halijakamilika, na seva huliongezea jina la zoni mwishoni. Msimamizi akiandika «mail.example.com» bila nukta ya mwisho ndani ya zoni ya example.com, seva itaelewa mail.example.com.example.com, jina lisilokuwepo popote. Kosa hili halikuwa la wanagenzi peke yao. Usiku wa tarehe 12 Oktoba 2009 programu iliyokuwa ikitengeneza zoni ya Sweden, .se, iliacha kuandika nukta za mwisho. Majina ya seva yote yakaongezewa se nyingine mwishoni, na vikoa vipatavyo laki tisa vikawa havipatikani kwa muda wa saa moja hivi. Hata baada ya faili sahihi kutolewa, seva za watoa huduma sehemu mbalimbali ziliendelea kutoa majibu mabovu ambayo zilikuwa zimeyahifadhi, mpaka muda wake ulipokwisha au mtu alipokumbuka kuyafuta.

Namba ya toleo nayo ina visa vyake. Seva za pili hulinganisha namba zilizo nazo na ile ya seva kuu. Ikiwa ya seva kuu imepanda, hunakili zoni upya. Msimamizi aliyehariri faili akasahau kupandisha namba alijikuta na seva kuu inayotoa jibu jipya na seva za pili zinazotoa la zamani, na mtumiaji akapata hili au lile kwa bahati. Ndipo ikazoeleka, na RFC 1912 ya mwaka 1996 ikapendekeza, kuandika namba hiyo kwa tarehe: mwaka, mwezi, siku, na tarakimu mbili za mwisho kwa mabadiliko ya siku hiyo. Mtindo ulisaidia, ila ulileta mtego wake. Aliyekosea akaandika 2099 badala ya 1999 hakuweza kurudi nyuma kwa kufuta tu, maana seva za pili zingeiona namba sahihi kuwa ya zamani. Ilibidi apandishe namba kwa hatua kubwa hadi ihesabiwe kuwa imezunguka, kwa kanuni za hesabu ya mduara zilizowekwa na RFC 1982, kisha aishushe kwenye tarehe halisi.

Mwaka huo huo wa 1996 ulileta njia ya seva kuu kuziarifu seva za pili papo hapo na njia ya kunakili mistari iliyobadilika tu, na mwaka uliofuata ikawezekana kurekebisha zoni bila mtu kugusa faili. Mwaka 1998, RFC 2308 ilibadili maana ya namba ya tano ya SOA: ikawa muda wa kukumbuka kwamba jina fulani halipo, huku mstari wa $TTL juu ya faili ukichukua kazi yake ya awali. Mafaili ya zamani yaliyochanganya maana hizo mbili yameendelea kunakiliwa kutoka msimamizi hadi msimamizi kwa miaka mingi.

Kugawa mamlaka ndiko kulikoufikisha mfumo Afrika Mashariki. Tawi la .ke lilifunguliwa mwaka 1993, Shem Ochuodho akiwa msimamizi upande wa Kenya na Randy Bush, aliyekuwa Marekani, akishughulikia ufundi, kabla ya kazi hiyo kuhamia KENIC. Tawi la .tz na la .ug yalifuata mwaka 1995. La Tanzania baadaye lilikabidhiwa tzNIC, iliyoanzishwa na mamlaka ya mawasiliano TCRA pamoja na umoja wa watoa huduma za intaneti. Chini ya matawi hayo vikakatwa vitawi vya co, ac, go na or. Kongo ilipata somo la aina nyingine. Zaire ilipobadili jina mwaka 1997, orodha ya ISO ilibadilika, tawi la .cd likafunguliwa, na .zr likaondolewa kwenye mzizi mwaka 2001. Kila aliyebaki na jina la .zr alipoteza jina hilo hata kama faili lake la zoni halikuwa na kosa hata moja.

Hayo yote ni majina ya hadharani. Ndani ya ofisi mambo yalikwenda kivyake. Mitandao ya ndani ya miaka ya 1980 ilitumia faili dogo la hosts katika kila mashine, au huduma ya kampuni ya kompyuta ya Sun iliyosambaza orodha moja kwa kompyuta zote za ofisi. Kompyuta zilipewa majina ya sayari, milima, wanyama na wahusika wa riwaya. Mwaka 1990 Don Libes aliandika RFC 1178 kuwashauri watu namna ya kuchagua: kompyuta isiitwe kwa jina la mwenye kuitumia, kwani atahama, isiitwe kwa mradi, kwani mradi utakwisha, na jina lisiwe refu. Ushauri huo bado ni mzuri.

Palipo na jina fupi pana jambo la kutazama. Mtumiaji wa ofisini hapendi kuandika jina zima, kwa hiyo kompyuta hupewa orodha ya mikia ya kujaribu: ukiandika «faili», itajaribu faili.ofisi.example.com. Programu za mwanzo zilijaribu zaidi ya hapo, zikipanda ngazi moja moja hadi juu kabisa. Oktoba 1993, RFC 1535 ilionya kwamba kompyuta ya kampuni iliyo chini ya com, ikitafuta jina la chuo linaloishia edu, ingeweza njiani kuuliza jina linaloishia edu.com, na kikoa cha edu.com kilikuwa kimeshasajiliwa na kuwekewa rekodi inayojibu jina lolote. Mwenye edu.com angeweza kujifanya chuo chochote.

Uingereza ililiona tatizo hilo kwa sura nyingine. Mtandao wa vyuo wa JANET uliandika majina kuanzia juu kwenda chini, uk.ac kwanza na idara mwisho, kinyume cha DNS. Idara nyingi za sayansi ya kompyuta ziliitwa cs. Czechoslovakia ilipopata tawi lake la .cs mwanzoni mwa miaka ya 1990, programu za barua zilizojaribu kukisia jina limeandikwa kwa mpangilio upi zilishindwa kutofautisha idara na nchi, na barua za wahadhiri zikaelekezwa Ulaya ya kati. Huo ni mgongano wa majina kamili, miaka 20 kabla ya neno hilo kuwa ajenda ya mikutano.

Mwaka 1996, RFC 1918 ilitenga anwani za IP za ndani, zikiwemo zile zinazoanza na 10 na 192.168, ambazo ofisi yoyote huzitumia bila kuomba. Kwa majina hakuna kilichofanywa. RFC 2606 ya mwaka 1999 ilitenga .test, .example, .invalid na .localhost, lakini hayo yalikuwa ya majaribio na mifano. Ofisi yenye seva tatu na printa haikupewa kitu. Hapo ndipo kosa la msingi lilipo, na lawama haiwastahili mafundi wa ofisi pekee. Walinyimwa jina halali, wakachukua lililokuwa wazi.

Windows 2000 ilifanya jambo hilo lisiepukike. Active Directory yake, huduma ya kusimamia watumiaji na kompyuta za ofisi, ilitegemea DNS kwa kila kitu, hata kompyuta kujua pa kuthibitishia nywila, kwa hiyo kila ofisi ilihitaji zoni ya ndani. Fundi aliyeisimika aliulizwa jina la kikoa kabla hata kampuni haijanunua lake. Wengi waliandika .local, jina ambalo Windows Small Business Server ililipendekeza, wengine .corp, .lan, .office au .home. Mwaka 2002 Apple ilianza kutumia .local kwa huduma yake ya vifaa kutafutana vyenyewe bila seva, na kompyuta za Mac zikawa zinapata shida kuziona seva za Windows zenye jina hilo. RFC 6762 ya mwaka 2013 ilimaliza ubishi kwa kuitengea huduma hiyo .local. Ofisi zilizokuwa zimeshaitumia zilibaki nayo, maana kubadili jina la Active Directory inayofanya kazi ni shughuli inayoogopwa na kila fundi.

Mwaka 2012 ICANN, shirika linalosimamia mzizi, lilipokea maombi 1,930 ya matawi mapya. Baadhi yaliomba .corp na .home. Uchunguzi wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba seva za mzizi zilikuwa tayari zinapokea maulizo mengi mno ya majina hayo, yote yakivuja kutoka ofisini na majumbani. Kuyauza kungemaanisha kompyuta iliyotoka na mfanyakazi kwenda hotelini ingetafuta seva ya ofisi yake na kujibiwa na mgeni. Kwa matawi mengine mapya ICANN iliweka kipindi cha tahadhari ambapo jina liligeuzwa kuwa anwani 127.0.53.53, namba isiyofika popote, ili fundi akiiona katika kumbukumbu za mashine ashtuke. 53 ndiyo namba ya mlango wa DNS. Februari 2018 bodi ya ICANN iliamua kutoendelea na .corp, .home na .mail.

Hatari yenyewe haikuwa ya kufikirika. Kwa kuwa ofisi nyingi ziliita kikoa chao cha ndani «corp» tu, kompyuta zao zikiwa nje zilitafuta corp.com, kikoa halisi kilichokuwa na mmiliki tangu mwaka 1994. Jaribio la mwaka 2019 lilionyesha zaidi ya kompyuta laki tatu zikijaribu kukitumia taarifa za ofisini ambazo hazikukihusu. Mwaka 2020 Microsoft ilikinunua kikoa hicho ili kisiangukie mikononi mwa wahalifu.

Waliojitengenezea majina walibanwa kwa njia nyingine pia. Kampuni zinazotoa vyeti vya usalama zilikubaliana kuacha kutoa vyeti vya majina ya ndani ambavyo muda wake ungepita Novemba 2015, kwa sababu hakuna awezaye kuthibitisha kuwa yeye ndiye mwenye seva.local. Desemba 2017, watengenezaji programu waliozoea kujaribia kazi zao kwenye .dev walikuta Chrome inakataa kuzifungua: Google ilikuwa imeshalichukua tawi hilo na kulilazimisha litumie muunganisho uliofungwa kwa usalama.

Majumbani, RFC 8375 ya mwaka 2018 ilitoa home.arpa. Kwa ofisi, kamati ya usalama ya ICANN ilipendekeza mwaka 2020 litengwe jina moja la ndani, na Julai 2024 bodi ikaitenga .internal kwa matumizi hayo, isiingizwe kamwe kwenye zoni ya mzizi. Ruhusa hiyo ilichelewa kwa miaka 28 baada ya ile ya anwani. Hata sasa ina upungufu: cheti cha usalama kinachokubalika na vivinjari hakipatikani kwa .internal, na ofisi mbili zenye majina yanayofanana ndani yake zikiungana zitagongana vile vile. Kwa ofisi inayoanza leo, njia iliyo salama zaidi ni kusajili jina lake la hadharani, kukata tawi moja chini yake kwa ajili ya mtandao wa ndani, na kuiweka zoni ya tawi hilo kwenye seva zisizojibu maulizo ya nje.